Mbwa anatoka damu huu mwezi wa pili mfululizo, sindano 6 ni laki mbili na sabini: nimtibu au nimuache?

Swali: Shikamoo daktari. Nipo Masasi, nina mbwa jike wa miaka 4, ndo mlinzi wetu wa stoo ya korosho. Anadondosha damu ukeni huu mwezi wa pili, tulijua yuko kwenye joto. Daktari wa mifugo wa huku anasema ni kansa, anataka kumchoma sindano 6, kila moja elfu 45. Kaka yangu anasema hela hiyo ni mbuzi wawili, tutafute mbwa mwingine. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba dada, na pole sana. Joto la mbwa halitoi damu miezi miwili, wiki 3 ni nyingi. Kuna kansa ya mbwa inayoambukizwa kwa kupandana, yaani seli zenyewe za kansa zinahama toka kwa mbwa huyu kwenda kwa yule, na huku kwetu ambako mbwa wanazurura usiku kucha naikuta sana. Ukimfungua uke taratibu unaona kinyama chekundu kimechanua kama koliflawa, ukikigusa tu damu hiyo. Binadamu haimpati, msiogope. Ila kabla hujatoa hela ya sindano mwombe daktari agandamize kioo kwenye hicho kinyama akakiangalie kwenye hadubini, kipimo chenyewe hakina gharama kubwa na kama sio kansa hii basi hesabu yote inabadilika.

Ikiwa ndo yenyewe, mi ningemtibu. Dawa ni vinkristini, hiyohiyo wanayopewa watu wenye kansa, anachomwa mara moja kwa wiki, kwa kawaida sindano 4 mpaka 8, na wengi wanapona kabisa. Kansa ambazo naweza kumwambia mteja maneno hayo ni chache mno.

Sasa nisikilize vizuri hapa kwenye hela. Usianze kama huna uhakika wa hela yote. Nilikuwa na mzee mmoja wa huku Mtwara, mbwa wake baada ya sindano 2 damu ilikata, uvimbe ukabaki kama punje ya harage, akaona ashapona na nauli inamuuma akaacha kuja. Miezi mitano baadaye kamleta kwenye toroli, uvimbe umejaa ngumi na mbwa kakonda mbavu unazihesabu, tukaanza upya toka sindano ya kwanza. Zile hela za mwanzo zilipotea zote na mbwa aliteseka bure, iliniuma sana. Kwa hiyo ongea na daktari wako sasa hivi, mwambie ukweli kwamba korosho bado, muulize kama atapokea kwa awamu. Kuchelewa wiki mbili tatu ukusanye hela sio mbaya kama mbwa anakula vizuri, lakini kusubiri mpaka Oktoba minada ianze, hapana.

Muulize pia kama ashawahi kuichoma hiyo dawa, maana lazima iingie kwenye mshipa, ikivuja nje nyama ya mguu inaoza. Na ahakikishe mbwa hana mimba. Siku mbili tatu baada ya sindano watoto wasishike mkojo wala matapishi yake, wewe ukisafisha vaa glavu.

Ikifika sindano ya 4 na uvimbe haujapungua, simama, usiendelee kumwaga hela, hapo inabidi daktari aje na mpango mwingine. Na kama hela haipo kabisa na mbwa ameshaacha kula, dada, kumlaza sio dhambi ya kukosa upendo. Daktari anampa dozi kubwa ya dawa ya usingizi kwenye mshipa, analala na haamki, wewe umemshika kichwa. Ninachokuomba ni kaka yako asimtegee sumu kwenye nyama, nimeona mbwa wanavyokufa kwa sumu, wanakakamaa huku akili zao zipo.

Akipona mfunge kizazi, maana akipandwa na dume mwenye ugonjwa anaweza kurudi palepale. Na kuanzia leo, umtibu usimtibu, usimfungulie usiku, kila dume atakayempanda sasa hivi anaweza kuondoka na hiyo kansa kwenda kuimwaga mtaa mwingine.