Jogoo mgeni na mayai yaliyopungua

SWALI: Shikamoo, bwana mifugo. Nafuga kuku wa kienyeji, mitetea tisa na jogoo mmoja. Mwezi uliopita nilileta jogoo mwingine, dume kubwa, kutoka Masasi. Tangu hapo hawana raha. Anawakimbiza kwenye pumba, anawafukuza kwenye maji, na jogoo wa zamani anashinda chini ya mkorosho. Mayai yamepungua. Mwanangu wa sekondari anasema kuku wana msongo, eti kuna Mmarekani aliwapima nyani. Mnyama naye ana msongo kweli?
Mama mfugaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao kasema kweli. Mtafiti huyo ni Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeanza kuwafuata nyani wa Kenya mwaka 1978. Alikuwa akipuliza mshale mdogo wenye dawa ya usingizi, nyani akilala anamtoa damu. Subira yake ndiyo inayonigusa: alingoja nyani ageukie kwingine, asijue kinachomjia, maana hofu ya dakika chache tu ingebadili damu aliyotaka kupima. Nami nimechanja kuku miaka mingi vijijini Nachingwea. Kuku wa mwisho kushikwa ameshasikia makelele ya wenzake wote. Moyo unamdunda kiganjani mwako kama unataka kutoka.

Alichopima ni kotisoli, homoni ya tezi zilizokaa juu ya figo. Kwa kuku kazi hiyo hufanywa na ndugu yake, kotikosteroni. Mwewe akipita, homoni inampa kuku nguvu ya kukimbia. Mwewe akienda zake, inashuka. Jogoo wako haendi popote. Sapolsky aliwakuta madume wa daraja la chini, wanaoonewa kila siku, wana kotisoli nyingi hata wakiwa wametulia. Na vyeo vikivurugika kundini, hata wakubwa yao hupanda. Mwili wa namna hiyo huweka uzazi kando.

Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja la nyani hao waliokuwa wakigombea mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii walikufa kwa kifua kikuu. Wakabaki wapole. Mwaka 2004 Sapolsky na mwenzake Lisa Share walichapisha kwamba wanyonge wa kundi hilo hawakuwa na dalili zile za msongo, na madume wageni walioingia baadaye walishika upole uleule. Habari hiyo naipenda mno.

Basi mtenge huyo wa Masasi leo hii, au muuze. Weka maji na pumba sehemu mbili zilizoachana, mnyonge naye apate pa kula. Jioni shika mtetea mmoja umpapase: kama manyoya mapya yanachomoza, anabadili manyoya, na hilo pia husimamisha utagaji. Ukiona wanazubaa na kuharisha kijani, huenda ni mdondo. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Na yule wa chini ya mkorosho, mpelekee maji hapohapo alipo.