Kuruka na foili: kwa nini unatupwa ukitua
Umesema kuruka na foili, yaani ubao wa majini wenye bawa lililofungwa chini yake ndani ya maji, unaruka, ila ukitua ubao unakutupa kama punda aliyechoka mzigo. Shida ni mguu wa nyuma. Bawa likirudi majini linashika ghafla na kukuinua tena. Ukitua uzito ukiwa nyuma, umekwisha. Kunja magoti, kifua kiwe juu ya mguu wa mbele, pua ya ubao iiname kidogo tu.

Kabla ya hapo pata kasi, kandamiza ubao ushuke, kisha uuachie uinuke wenyewe. Anza na miruko ya shibiri moja, penye kina.

Mruko ukiharibika usiung'ang'anie: usukume ubao mbali kwa miguu, uangukie upande. Bawa lile hukata kama panga, kwa hiyo vaa kofia ngumu. Mikanda ya kushikiza miguu ubaoni? Iache hadi ujue kuanguka.