Wasomaji Wanauliza: Nyama Choma ya Wahitimu na Orodha ya Michango

SWALI: Ndugu Mhariri, nilisoma shule ya sekondari ya bweni kaskazini mwa Tanzania, na wahitimu wenzangu tunaoishi Uingereza tuna desturi ya kukutana kila kiangazi kwa nyama choma. Mwaka wa kwanza tulijaa, lakini mwaka jana hatukufika hata nusu. Sasa kamati inataka kila familia itoe pauni 80 kwa ajili ya chakula, fulana zenye nembo ya shule na ukarabati wa bweni, na imetangaza kwamba orodha ya waliolipa itawekwa katika kundi letu la WhatsApp kila Ijumaa. Nahofia kwamba hata waliobaki watakimbia. Tufanyeje?
Mhitimu, Reading

JIBU: Hofu yako ina msingi. Kamati imefunga mizigo mitatu katika kamba moja, na asiyeweza kuibeba yote hana njia ya kubeba hata mmoja. Kuna wenzenu wanaotunza wazee kwa zamu za usiku, wanaolipa kodi ya nyumba kubwa kuliko walivyotarajia, na ambao kabla mwezi haujaisha wameshatuma nyumbani fedha za matibabu au ada ya mdogo wao. Mtu wa namna hiyo hataandika mbele ya watu aliolala nao bweni moja kwamba hana pauni 80. Atasema yuko zamu, nanyi mtaamini kwamba ameisahau shule. Orodha ya kila Ijumaa, ambayo kwenye kamati ya harusi tumeizoea na pengine inasaidia, hapa itatangaza upungufu wa mtu kwa watu ambao zamani walipanga foleni pamoja naye kusubiri ugali na maharage yaliyotoka sufuria moja, bila yeyote kuuliza baba wa nani ana gari.

Pendekezeni kwa kamati kwamba mchango wa chakula usimame peke yake, uhesabiwe kwa mtu mzima mmoja mmoja na si kwa familia, watoto wasilipishwe, na fedha zipokelewe na mweka hazina bila majina kutangazwa. Atakayeshindwa kutoa fedha apewe kazi inayoonekana, kama vile kusimamia jiko, kukata kachumbari, au kuwachukua kwa gari wanaotoka mbali, kwa kuwa siku za mapumziko ya kitaifa baadhi ya njia za treni hufungwa kwa matengenezo. Fulana, kwa maoni yangu, zinaweza kungoja.

Suala la bweni ni zito zaidi na halifai kujadiliwa huku mafuta ya nyama yakidondokea mkaa. Mkikusudia kuchangisha mwaka hadi mwaka, fahamuni kwamba kwa sheria ya England na Wales chama cha hisani ambacho mapato yake yanazidi pauni 5,000 kwa mwaka hutakiwa kusajiliwa kwa tume inayosimamia vyama hivyo. Usajili si adha tupu: chama kinachotambuliwa na mamlaka ya kodi kinaweza kudai peni 25 juu ya kila pauni iliyotolewa na mchangiaji anayelipa kodi ya mapato ya kutosha. Kwa upande wa nyumbani, zungumzeni na mkuu wa shule pamoja na bodi ya shule, na fedha ziingie katika akaunti ya shule, si katika simu ya mhitimu mmoja aliyeko Arusha, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Halafu, kabla ya kutuma tangazo lolote, wapigieni simu mmoja mmoja wale ambao hawakuja mwaka jana. Msiwaulize kwa nini hawakuja. Waulizeni ni tarehe gani inayowafaa, tena mapema, kwa sababu ratiba za zamu hupangwa wiki kadhaa kabla.

SWALI: Sisi tumechagua Jumatatu ya mapumziko ya mwisho wa Agosti, katika bustani ya umma jijini London. Je, kuna la kuangalia?
Msomaji, Croydon

JIBU: Yapo mengi. Jumatatu hiyo si siku ya mapumziko kwa wenzenu wa Scotland, ambao yao huwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na watoto wao kwa kawaida huwa wamesharudi shuleni ilhali wa England bado wako likizo. Mkiwa na wahitimu Glasgow au Edinburgh, Jumamosi ya mwisho wa Julai itawapendeza zaidi, na jua huzama karibu saa tatu usiku.

Kuhusu mahali, bustani za kifalme kama Hyde Park na Greenwich haziruhusu kuchoma nyama kabisa, na bustani nyingine hufuata kanuni za halmashauri ya eneo, hivyo ombeni ruhusa kwa maandishi. Ukali huo una sababu: tarehe 19 Julai 2022, joto lilipopita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza nchini Uingereza, kikosi cha zimamoto cha London kilikuwa na siku yenye kazi nyingi kuliko zote tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mimi ningekodi ukumbi wa kanisa au wa jamii wenye uwanja nyuma, kwa kuwa mvua ya kule haina adabu. Ikinyesha, ingieni ndani ninyi na mliache jiko nje, wala msiliingize ndani ya hema, kwani gesi ya mkaa haina harufu na huua.

Nyama ya mbuzi agizeni mapema, na mwambieni mwenye bucha aache paja na mbavu zikiwa nzima. Msipomwambia, atawakatia vipande vidogo vya mchuzi, kama wateja wake wengi wanavyopenda.

SWALI: Katika darasa letu tuko Waislamu na Wakristo. Je, tuweke majiko mawili?
Msomaji, Leicester

JIBU: Kama nyama yote itatoka kwenye bucha la halali, jiko moja linatosha, na Leicester mabucha hayo hayakosekani. Lakini kama kuna atakayekuja na soseji za nguruwe, awe na jiko lake, koleo lake na ubao wake wa kukatia, mbali na meza kuu, na aambiwe hivyo katika mwaliko badala ya kuambiwa akiwa ameshafika. Bia nazo ziwekwe kwenye meza ya kando.