Kabla ya Mlango wa Nora

Nimekaa na vikundi kadhaa vya maigizo hapa Mombasa, na kila tamthilia ya A Doll's House ya Henrik Ibsen inapoguswa, mjadala hukimbilia mlango. Nora anamwacha mume na watoto watatu, mlango unabamizwa, basi. Hawa wanapiga makofi, wale wanauliza, "Na watoto je?" Ugomvi huu ni wa tangu 1879. Ujerumani mwigizaji mmoja alikataa kuigiza mwisho ule, Ibsen akalazimika kuandika mwingine ambamo Nora anabaki. Mwenyewe aliuchukia.

Wewe unayesoma tamthilia kama hii huku ukiwazia kubadili maisha yako, uache mlango kwanza.

Mwanzoni kabisa Nora anakula vibiskuti vya lozi, kisha anajipangusa mdomo upesi mumewe asije akajua, kwa kuwa amemkataza. Mama wa watoto watatu! Tulipoisoma barazani Mji wa Kale (twasoma kwa Kiingereza, twabishana kwa Kiswahili), dada aliyeshika sehemu ya Nora alicheka hadi akashindwa kuendelea. "Huyu mbona namjua," akasema. Lakini huyo huyo Nora aliwahi kughushi sahihi ya babake akakopa pesa za kumpeleka mume Italia apate nafuu. Ili kulipa deni, alijifungia usiku akinakili maandishi kwa ujira, na anakiri kwamba kazi ile ilimfanya ajihisi karibu kama mwanamume. Kwangu mimi, mabadiliko yalianzia hapo, kwenye pesa aliyoichuma mwenyewe. Usiku wa mwisho anavua nguo za ngoma, anarudi na za kila siku, anamkalisha mume mezani: miaka minane ya ndoa, na hawajapata kuzungumza jambo zito hata mara moja. Waigizaji wengi hulipitia hilo mbio mbio ili wafike mlangoni. Msifanye hivyo. Na anayemshangilia Nora zaidi, mpeni asome sehemu ya mume, aone inavyokuwa rahisi kumwita mke kindege na kumnyima neno.

Swali bora nililowahi kulisikia lilitoka kwa mama mmoja wa makamo asiye na habari na falsafa: "Usiku ule alala wapi?" Tukapekua. Analala kwa rafiki yake, Bi Linde, kesho yake arudi mji aliokulia. Ibsen alikuwa amelifikiria. Mombasa hapa, mwanamke akienda kudai khului, yaani talaka anayoiomba mke mwenyewe, kabla kadhi hajatamka neno, kwao washauliza atakaa chumba gani. Kwa hiyo ukipanga kuondoka, iwe ni ndoa, kazi au nyumba ya wazee, anza na swali la yule mama.

Baada ya Ibsen, soma Huis clos ya Jean-Paul Sartre, ya 1944. Wafu watatu wamefungiwa chumbani. Mmoja wao, Garcin, anaugonga mlango mpaka unafunguka, na hatoki, kwa sababu bado anataka mwenzake Inès akubali kwamba yeye si mwoga. Ninawajua watu kadhaa wa namna hiyo, wazima wa afya.

Ya kwetu, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), inauma kuliko zote mbili: mtu analizaa neno, linakua, linamtawala yeye aliyelizaa. Hiyo isome kabla hujawatangazia watu kwamba umebadilika.