Jonathan Wild hakuwahi kuwa polisi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandaa mchezo wa redio kuhusu Jonathan Wild, mkuu wa polisi wa London aliyekuwa pia mkuu wa majambazi. Serikali ilimpa lini cheo hicho, na iweje jambazi wa kiwango chake anyongwe kwa sababu ya sanduku la lesi?

JIBU: Marahaba. Kwanza futa neno "polisi". Kosa hili hunijia kila mara katika kazi za wanafunzi wangu wa historia ya sheria, na chanzo chake ni wasimulizi wa video za dakika 3 ambao, wakisikia habari za mkamata wezi, yaani raia aliyesaka wezi ili alipwe zawadi, humvika sare palepale. Polisi wa London walianzishwa mwaka 1829, zaidi ya karne moja baada ya Wild kufa. Cheo cha Mkuu wa Wakamata Wezi wa Uingereza na Ireland alijipa mwenyewe, wala fimbo ya fedha aliyotembea nayo hakukabidhiwa na mamlaka yoyote.

Nguvu zake zilitokana na sheria halali. Tangu 1692, aliyefanikisha kutiwa hatiani kwa mnyang'anyi wa barabarani alilipwa pauni 40, fedha ambazo kibarua hakuzipata kwa mwaka mzima. Mwaka 1720 washauri wa Mfalme walimwuliza Wild, bila haya, namna ya kupunguza uhalifu. Akawashauri waongeze zawadi, na kweli ikaongezwa pauni 100 kwa unyang'anyi wa London na viungani mwake. Kwa kuwa mashitaka nayo yaliendeshwa kwa gharama za aliyeibiwa, wengi waliona nafuu kwenda ofisini kwa Wild, mtaa wa Old Bailey, kukomboa mali zao. Alijua zilipo kwa sababu walioziiba walikuwa watu wake, na mwizi aliyemkaidi alipelekwa kitanzini ili Wild avune zile pauni 40.

Sasa lesi. Januari 1725 Catherine Statham, muuza lesi wa Holborn, aliibiwa sanduku lenye mali ya pauni 40. Wild ndiye aliyewatuma wezi, naye akawasubiri nje. Mwezi Machi, yeye mwenyewe akiwa tayari mahabusu katika gereza la Newgate, alipanga mama huyo atoe gini 10 (sarafu za dhahabu, kila moja ikizidi pauni kidogo) kwa mchukuzi, na sanduku likarudi likiwa limepungua kipande kimoja. Mama alipomwuliza ampe nini yeye kwa taabu yake, alijibu kwamba hataki fedha, anaomba dua tu. (Hapo mchezo wako umeshapata onyesho.) Shitaka la wizi lilimponyoka, kwa kuwa hakuingia dukani. Lililomnasa ni kifungu cha sheria ya 1718, kilichosema kwamba anayepokea malipo ili kurudisha mali ya wizi, bila kumfikisha mwizi mahakamani, ataadhibiwa kama mwizi mwenyewe. Alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu wa London, tarehe 24 Mei 1725.

Ukimwita polisi aliyeoza, msikilizaji ataamini kwamba tatizo lilikuwa tabia ya ofisa mmoja, ilhali soko zima la kukomboa mali lilijengwa na zawadi za serikali pamoja na waathirika waliopenda njia ya mkato. Soko hilo halijafungwa. Kuna madalali wanaojidai wana "watu wao" mtaani, watakaokurudishia simu au pikipiki ukiwapa kitu kidogo na usipofika kituoni, nao hunikera kuliko wezi wenyewe, hasa ninapowasikia wasomi wakiwasifu kwa uharaka wao. Ajuaye kwa hakika ilipo pikipiki yako saa chache baada ya kuibiwa ana maswali ya kujibu. Wewe nawe usijitie mtegoni: sheria za kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zinamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetangaza zawadi kwa atakayerudisha mali iliyoibiwa huku akiahidi kwamba hakuna maswali yatakayoulizwa, na kosa hilo linamgusa hata anayelichapisha tangazo lake.