Kabla hujafuata video ya fundi, soma kibati cha ekseli yako

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa Makambako alinitumia ujumbe. Amenunua tela lake la kwanza, la mkononi, ekseli tatu. Akaambatanisha video: gereji ya Ulaya, sakafu inang'aa, fundi mwenye glovu anafunga habu, kile kitovu cha gurudumu, na kukaza nati kwa spana ndefu kuliko mkono wake. Kijana akauliza, "Dada, beringi zangu zinanguruma. Fundi wangu anasema hii ndiyo njia ya kisasa. Tufuate?"

Nilimjibu neno moja: "Msifunge." Kisha nikampigia simu. Video ile naijua. Miaka sita iliyopita niliituma mimi mwenyewe kwa fundi wangu, na ilinilia faida ya miezi mitatu.

Wengi mnaonisoma ndoto yetu ni moja: gari la kwanza, la pili, halafu yadi yako mwenyewe yenye geti na mlinzi. Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini kwa miaka tisa. Kila siku nilikuwa naandika namba za malori ya watu, nikijiambia ipo siku nitaandika la kwangu. Nikaipata siku hiyo. Kichwa cha mtumba, tela la mtumba, na deni la chama chetu cha akiba na mikopo.

Sikujua kwamba ukiwa mwanamke mwenye lori, gereji hawakuambii kitu. Ukiuliza beringi imekufaje, unajibiwa, "Mama, wewe lete hela, haya mengine tuachie sisi." Nimeambiwa hivyo mbele ya dereva wangu, mbele ya tingo, mbele ya watoto wanaoosha spea kwa dizeli. Mpaka leo nikiikumbuka kauli hiyo kifua kinabana. Basi nikaanza kujifunza usiku. Watoto wakilala, mimi nashika simu, video moja baada ya nyingine, nikiandika kwenye daftari. Nilitaka siku moja niseme kitu gereji wote wanyamaze.

Siku hiyo ikaja. Tingo aliona grisi imetapakaa upande wa ndani wa rimu, ekseli ya kati, kushoto. Sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke, ilikuwa imekatika, vumbi limeingia, beringi zimeanza kuchubuka. Nilinunua mpya, nikamtumia fundi video, nikasimama pale pale. Nikamwambia nati ikazwe kama ilivyoonyeshwa. Alisita kidogo, akanitazama, kisha akatii. Vijana wawili walining'inia kwenye bomba lililochomekwa juu ya spana. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha ambayo hata siku ya kununua lori sikuwa nayo.

Safari ya kwenda Njombe na mbolea ilikwenda salama, au ndivyo tulivyodhani. Kurudi walipakia mahindi. Wakashuka mlima Kitonga polepole, gia nzito, kama inavyotakiwa. Ruaha Mbuyuni wakasimama kununua vitunguu, na dereva, mtu mzima aliyeendesha barabara ile kabla sijamaliza shule, akapitisha mkono kwenye habu zote. Akanipigia: "Bosi, hii ya kati kushoto ina moto kuliko wenzake. Mate yanachemka."

Nikamwambia ni breki za Kitonga. Apumzike nusu saa, aendelee.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili naomba mlisikilize kuliko yote. Ni kweli ukishuka mlima breki zinapasha dramu, na moto unahamia kwenye habu. Lakini Kitonga haichagui tairi. Kama ni mlima, habu zote sita zinapata moto unaokaribiana. Ikiwa moja peke yake ndiyo inaunguza, mlima hauhusiki: ni beringi, au breki ya upande huo imeng'ang'ania. Alichoniambia dereva ndicho kilikuwa jibu lenyewe, "kuliko wenzake." Nilisikia sehemu ya moto tu.

Habu iliachia ndani ya Hifadhi ya Mikumi, giza limeshaingia. Tairi mbili zilitoka na habu yake na dramu yake zikaingia majanini. Nashukuru Mungu hapakuwa na basi mbele. Dereva na tingo walilala ndani ya kichwa, vioo juu, wakisikia tembo wakivunja matawi. Sikulala na mimi.

Nilifika asubuhi na pikipiki kutoka Mikumi mjini. Mabaki ya beringi nimeyahifadhi hadi leo, yako juu ya meza ninapoandika. Rola zake zimegeuka rangi ya buluu yenye zambarau, kama dizeli inavyong'aa juu ya dimbwi. Chuma kikiwa na rangi hiyo kimeungua, hakuna grisi ya kukirudishia ugumu wake. Grisi yenyewe ilikuwa imebaki ukoko mweusi, unaukwangua kwa ukucha. Ncha ya ekseli ilikuwa imelika, kama mtu ameipiga tupa usiku kucha.

Fundi alisimulia gereji nzima kwamba mama alimfundisha kazi kwa simu. Alisema kweli, na ndiyo maana iliuma.

Habu za malori ziko za aina mbili kubwa, na kwa nje zinaweza kufanana. Moja beringi zake zimeunganishwa na kupimwa kiwandani. Hiyo nati yake inakazwa kwa nguvu kubwa iliyotajwa kitabuni, hairudishwi nyuma. Nyingine, iliyo kwenye tela nyingi za zamani, ina beringi mbili za rola za mshazari zilizotengana, moja ndani na moja nje. Hii unaikaza huku unazungusha gurudumu ili rola zikae, halafu unairudisha nyuma ili ibaki nafasi ndogo, maana chuma kikipata joto kinatanuka. Video ilikuwa ya aina ya kwanza. Ekseli yangu ni ya aina ya pili. Yule fundi wa Ulaya hakudanganya. Hakuwa anazungumzia tela langu, basi.

Kwa hiyo wadogo zangu, kabla ya kuuliza "inafungwaje", uliza "ya nani". Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, ingia chini ya tela, safisha ekseli mpaka uone kibati. Kuna jina la mtengenezaji, aina na namba. Piga picha. Kwa namba hiyo unatafuta kitabu cha mtengenezaji mwenyewe, vingi viko bure kwenye tovuti zao. Kibati kikiwa kimeng'oka, soma namba iliyochongwa kwenye uso wa beringi. Zangu ni 33118 ya ndani na 33213 ya nje. Kwa namba za namna hii, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la katikati kwa milimita: 18 ni milimita 90, 13 ni milimita 65. Siku hizi nikienda dukani nabeba kipimo changu. Boksi linaweza kuandikwa chochote, tundu halidanganyi.

Maelezo ya kuaminika utayajua kwa sababu yanakubana. Yanataja ni ekseli ipi, nguvu kiasi gani, na unapimaje ukimaliza. Wamarekani, kupitia baraza la ufundi la chama chao cha wasafirishaji, wana utaratibu wa habu zao za beringi mbili: kaza futi-ratili 200 (kipimo chao cha nguvu ya kukaza) ukizungusha, legeza mzunguko mzima, kaza tena 50, halafu rudisha sehemu ya mzunguko kulingana na idadi ya nyuzi za ncha ya ekseli, na mwisho upime kwa geji kwamba habu inacheza kati ya milimita 0.025 na 0.125. Sikupi hizo ukafungie tela lako. Nakuonyesha mtu anayejua anavyoandika. Anayekwambia "kaza mpaka isikie" hajakupa kitu.

Kukagua hakuna siri. Piga jeki, weka stendi, tia mtaimbo chini ya tairi, unyanyue na kushusha. Zungusha gurudumu polepole na mkono mwingine uguse springi, mkwaruzo utausikia kwenye vidole kabla ya masikio. Kwa tairi za mbele, likicheza mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki angalia kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Ukibadilisha beringi, badilisha na pete yake ya nje, usioanishe mpya na ya zamani. Na kila kituo, pitisha mkono, linganisha kushoto na kulia. Linganisha, linganisha. Usimruhusu mtu yeyote akudharau kwa kuuliza, na wewe usimdharau dereva wako akikwambia alichogusa. Lori linalisha familia tatu au nne, haliwezi kuongozwa na hasira ya mtu mmoja anayetaka kuonekana anajua.

Yule kijana alinitumia picha ya kibati Jumatatu, nusu imeliwa na kutu, lakini aina ilisomeka. Beringi mbili, za mshazari. Tukatafuta kitabu chake pamoja kwenye simu, yeye Makambako mimi Dar, na fundi wake akiwa kwenye spika. Fundi aliuliza maswali mazuri. Walifungua, wakakuta pete ya nje imedokolewa kama imechomwa na msumari, wakabadilisha, wakafunga kwa kufuata ukurasa.

Jana jioni ameniandikia kutoka Igawa, na mzigo: "Vuguvugu, Dada. Zote sita."