Ukianza kusomea usanifu wa meli, pitia Nungwi kwanza

Vijana wengi wa Unguja na Pemba wanaokwenda kusomea meli huanza kwa kukariri majina kwenye mchoro. Mimi nakushauri uanzie pwani ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako mafundi huunda mashua na majahazi kwa kipimo cha jicho. Pale kila jina utalisikia mahala pake: mkuku, yaani gogo la uti wa chini, hulazwa kwanza, husimamishwa fashini (nguzo za ncha) la omo, yaani mbele, na la tezi, yaani nyuma, kisha zinafuata mbao na mataruma, zile mbavu za chombo. Toa salamu, jitolee kushika ubao, na usimchoshe fundi kwa "hiki kinaitwaje?" Atasema mwenyewe "niletee tezo", chombo cha kuchongea mbao, au "hapo pakalafatiwe", yaani pazibwe nyufa zisipitishe maji.

Skuli kuna neno moja litakalokusumbua: tani. Tani ya mzigo ni kilo 1,000. Tani jumla iliyoandikwa kwenye cheti cha meli si uzito hata kidogo. Ni kipimo cha ujazo wa ndani, kinachokokotolewa kwa kanuni za mkataba wa kimataifa wa 1969. Uzito wa chombo utaupata kwa maji kinayoyasukuma. Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ni kama kilo 1,025, ya maji baridi 1,000, ndiyo maana meli ikitoka baharini kuingia mtoni huzama chini zaidi kidogo.

Uthabiti ndio wa kukaa nao sana. Chombo kikiinama, maji hukirudisha maadamu kitovu cha uzito kiko chini ya metasenta, yaani nukta ambapo mstari wa nguvu ya maji inayoinua chombo kilichoinama kidogo hukata mstari wa katikati yake. Ukirundika watu na mizigo juu, kitovu kinapanda. Na maji ya ngama, yanayojikusanya chini ndani ya chombo na ambayo mabaharia wetu huyafua, yaani huyachota na kuyamwaga nje, safari nzima, hukimbilia upande ulioinama na kuzidisha mlalo. Sisi tuliosikia habari za meli Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba na abiria kupita kiasi, hatuwezi kuisoma sura hii kama hesabu tupu.

Zoezi la kuanzia: tafuta ngalawa. Omba ruhusa, pima urefu na upana wa mtumbwi usawa wa maji, na kina chake majini, vyote kwa meta, uzidishe, kisha zidisha tena kwa 1,025 upate kilo. Jawabu litakuwa kubwa kuliko uzito wa kweli, kwa sababu chombo si sanduku; sehemu ya sanduku hilo ambayo mtumbwi unaijaza kweli ndiyo mgawo wa umbo. Halafu mwenye ngalawa apande, utie alama maji yalipofika, ukokotoe tena. Ndubi, zile mbao za pembeni zinazoelea, zihesabu mbali.